Filamu ya Kazini: Namna ya Kuitazama na Wenzako

Ukiwa na kikundi cha kukamua mawese hapa Simbo, Kigoma, au duka lenye vijana wachache wa makabila mbalimbali, filamu yaweza kukufanyia kazi ya semina. Ila usiiwashe tu ukakaa. Filamu nyingi zikionyesha watu tofauti wakifanya kazi pamoja huishia kwenye sura: huyu Mhindi, huyu mwanamke, huyu wa bara. Nani anashika fedha, hilo halionekani.

Chagua kipande kifupi, dakika ishirini hivi. Kama ni muvi ya kigeni iliyotafsiriwa na DJ wa kibanda cha video, afadhali zaidi, kwa sababu DJ naye hutia matani yake ya makabila, nayo ni ya kujadiliwa.

Anza na lafudhi. Katika vichekesho vyetu mlinzi wa getini ndiye mwenye lafudhi ya bara, Kigoma ikiwemo, na mkurugenzi huzungumza Kiswahili kilichonyooka. Waulize wenzako: lafudhi ikiondolewa, kichekesho kinabaki? Ojwang' wa Vitimbi, kule KBC Kenya, aliongea kwa lafudhi ya Kijaluo, na mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki 2015, hakuwa Mjaluo. Hata hivyo kwa Ojwang' kicheko kinabaki: ana hila, na ana Mama Kayai asiyekubali kuchezewa. Yule mlinzi wa getini ukimwondolea lafudhi, mara nyingi habaki na kitu.

Kisha tazama nani anamaliza tatizo. Hapa ndipo pa kukaa. Hidden Figures (2016) inahusu wanawake weusi waliokuwa wataalamu wa hesabu NASA, Marekani, enzi za ubaguzi. Bosi mzungu anabomoa kibao cha choo cha weusi, na watazamaji wanafurahi. Lakini bosi huyo ametungwa. Katherine Johnson wa kweli alitumia miaka mingi choo cha wazungu, kisicho na kibao, na alipolalamikiwa alipuuza, akaendelea na kazi yake. Filamu imeuchukua ujasiri wake ikampa mkubwa wake. Simamisha picha hapo, uliza kwa nini mtunzi alifanya hivyo. Usijibu wewe, hata kimya kikirefuka. Na kama wewe ndiye mwenye mashine ya kukamua, keti nyuma, maana mbele yako watu watamsifu bosi.

Halafu ndipo mgeukie kazi yenu. Usianze na kabila la mtu. Anza na kazi. Vijana wanakwea na kukata mikungu, wanawake wanachemsha chikichi na kubangua mise, zile kokwa za ndani. Bei inazungumzwa na nani? Nani anapeleka madumu Kigoma mjini, nani anatumwa soda? Kila mtu aandike majibu yake bila jina. Asiyeandika amnong'oneze anayemwamini amwandikie. Karatasi zisomwe na mtu asiye kiongozi.

Huenda jina moja likajirudia kwenye fedha, na watu wakaanza kutupiana macho. Usitetee, wala usiitishe kura siku hiyohiyo. Siku ya soko inayofuata mpe daftari la mauzo mmoja ambaye hajawahi kulishika, akae na mzoefu, wahesabu pamoja madumu yanapopakiwa na fedha zinaporudi.