Kabla Hujakanyaga Mteremko wa Theluji

Ndugu msomaji uliye Uswisi, wenyeji wakikualika kwenda kuteleza kwa ski nje ya njia zilizotengwa, soma haya kwanza. Maporomoko mengi ya theluji yanayoua watu huko Alps huanzishwa na wahanga wenyewe au wenzao.

Kwanza, jioni ya kuamkia safari, soma taarifa ya hatari ya maporomoko ya taasisi ya SLF ya Davos, inayotoka saa 11 jioni. Hatari hupangwa kwa daraja 1 hadi 5. Wengi wakiona 3 hujipa moyo kwamba ni ya katikati tu. Hilo ni kosa baya: kwenye daraja 3, uzito wa mtu mmoja unaweza kuangusha mteremko mzima.

Pili, kila mtu abebe vitu vitatu: redio ya kutafutia waliofukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na beleshi. Jaribuni redio zote kabla ya kuondoka, na simu zikae mbali nazo.

Tatu, pima mwinuko. Laza mkongojo wa ski juu ya theluji, weka simu juu yake, usome digrii. Kuanzia 30, theluji inaweza kukatika kama bamba. Siku ya daraja 3 baki chini ya hapo, na usikatize chini ya mteremko mkali. Unaweza kuuangusha ukiwa bondeni.

Nne, sikiliza. Ukisikia mlio mzito, kama gunia la mahindi linapobwagwa sakafuni, au ukiona ufa ukikimbia mbele ya ski zako, tabaka dhaifu ndani ya theluji limevunjika. Rudi. Nyayo za waliotangulia zisikudanganye: huenda walipita kabla ya jua kuchoma, au hawakukanyaga pale theluji ilipo nyembamba.

Tano, vukeni mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama.

Mwenzenu akifukiwa, msiondoke. Kumbukeni pale alipoonekana mwisho, wote mgeuze redio kwenye hali ya kutafuta. Fimbo ikigusa mwili, iacheni hapohapo mchimbe kuanzia upande wa bondeni. Ndani ya dakika 10 za mwanzo wengi hutolewa hai. Zikipita, nafasi hushuka kwa kasi sana. Mkiwa wengi, mmoja aite helikopta ya uokoaji ya Rega kwa 1414. Iandike namba hiyo kwenye simu yako leo.