Nyumba za Urithi na Wageni Waliostaafu

Makusudio ya darsa yetu hii ni kulitazama jambo ambalo kila mtu wa miji ya pwani analiona kwa macho yake, lakini ni wachache wanaolifanyia hesabu: nalo ni kuja kwa wazee wa Ulaya waliokwisha kazi zao huko kwao, wakahamia kwetu kumalizia umri wao kwa pato la pensheni.

Jambo hili si letu peke yetu. Waingereza wamejaa pwani ya mashariki ya Hispania. Wataliana wamehamia Hammamet katika Tunisia. Wafaransa wamehamia Marrakesh na Essaouira katika Moroko. Sababu kubwa ni hesabu. Pato lisilotosha kodi ya nyumba ndogo mjini Milan au Paris, huku latosha nyumba, mpishi na mtunza bustani. Tena ziko serikali zilizowavuta kwa makusudi. Moroko humpunguzia kodi kwa 80 katika 100 mwenye kuihamishia pensheni yake moja kwa moja katika sarafu ya nchi hiyo, na Tunisia nayo huiacha sehemu ya 80 katika 100 ya pensheni ya nje bila kuitoza. Kenya haikwenda njia hiyo, lakini kanuni za uhamiaji za mwaka 2012 zilifungua mlango kwa mgeni aliyetimiza miaka 35, mwenye pato la hakika la nje lisilopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka, kwa sharti asifanye kazi ya mshahara hapa.

Malindi habari ilianzia mbali kidogo. Wataliana waliingia miaka ya 1960 kwa ajili ya kituo cha San Marco kule Ngomeni, kilichorusha satelaiti yake ya kwanza kutoka baharini mwaka 1967. Mafundi wakaionja pwani. Nyuma yao wakaja wenye mahoteli, na nyuma ya wenye mahoteli wakaja wazee wa kukaa. Leo Malindi na Watamu utamkuta muuza samaki asema Kitaliana ambacho hakukisoma chuo chochote.

Tusiwe wadhalimu wa maneno. Mzee aliyenunua nyumba kwa mali yake hakuiba, na jirani ana haki zake akiwa Muislamu au asiwe. Riziki za watu wengi zapitia mikononi mwao. Ila riziki hiyo imening'inia kwenye uzi mmoja: mwaka 2020, ndege za abiria kutoka nje zilipozuiliwa tangu mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Agosti, mshahara wa askari wa lango ulizuiliwa pamoja nazo. Na liko jambo la maji. Mji wa Lamu hunywa maji matamu yaliyomo chini ya machungu ya mchanga wa Shela; kila jumba linalojengwa karibu na mchanga ule, na kila birika la kuogelea linalojazwa, lachota katika kisima cha mji mzima.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya nyumba.

Tazama Marrakesh. Majumba yake ya kale yenye ua wa ndani yalikuwa ya warithi wengi, na hapana hata mmoja kati yao aliyeweza kutengeneza sakafu. Akaja mnunuzi. Warithi wakagawana fedha, wakahamia viungani, na duka la makaa na unga likageuka duka la mazulia. Msikiti umebaki pale pale, lakini jamaa zake wako mbali nao. Essaouira na Lamu ziliandikwa na UNESCO mwaka mmoja, 2001, kuwa turathi za dunia. Heshima hiyo hulinda kuta na huzidisha bei. Mwenye kukaa ndani ya kuta haimlindi.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Chukua mfano wa mtu aliyekufa akaacha mke, wana watatu wanaume na wanne wanawake, na nyumba ya mawe. Dalali aleta mnunuzi wa shilingi 12,000,000, na kila mtu katika nyumba ashtuka kwa furaha. Mke ana thumuni yake, 1,500,000. Zimebaki 10,500,000, hisa kumi: mwana mwanamume apata 2,100,000, na mwanamke 1,050,000. (Na dalali hajala bado.) Binti aliyekuwa akikaa katika nyumba ile, aliyemuuguza baba yake humo, atapata kiwanja gani katika mtaa ule kwa 1,050,000? Atapanga chumba nje ya mji, na si ajabu akarudi katika nyumba ya baba yake kufua nguo za mwenyewe mpya.

Wako wajifarijio kwa Katiba ya mwaka 2010, kuwa mgeni hamiliki ardhi ila kwa muda usiozidi miaka 99. Ni kweli, lakini aliyeuza ameuza, na Katiba haikusema kuwa miaka ikesha nyumba itarudi kwa wajukuu wake. Mzee wa miaka 65 hana haja ya miaka 99. Haja yake ni miaka 15 au 20. Basi kwa nini asikodishiwe kwa muda huo, kwa mkataba wa mbele ya wakili, matengenezo yakawa juu yake na milki ikabaki kwa warithi? Nyumba iliyokuwa ikivuja itarudi ina dari. Ama nyumba ya wakfu haina mazungumzo: haiuzwi.

Na akishikilia mrithi mmoja kuuza hisa yake, iko shufaa: haki ya mshirika kuichukua hisa isiyogawanywa iliyouzwa kwa mtu wa nje, kwa thamani ile ile. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni haki ya mshirika. Mahanafi wamempa jirani nayo. Mafakihi wetu wameshurutisha kitu kiweze kugawika bila kuondoka manufaa yake, kwa hiyo nyumba ndogo haimo. Hapo sheria ya nchi yasaidia: Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi ya mwaka 2012 yamkataza mshirika mwenye hisa yake kuihamishia kwa mtu wa nje bila idhini ya maandishi ya wenziwe, nao wasiizuie bila sababu ya haki. Lakini sheria hiyo hulinda majina yaliyoandikwa, na hati nyingi za mitaa ya kale zingali kwa jina la babu. Anayetaka kinga hii na aanze kwa Kadhi, mirathi ithibitishwe, kisha majina ya warithi wote yaandikwe.

Shufaa nayo ni ya papo hapo. Aliyepata habari ya mauzo akanyamaza bila ya udhuru, akingoja aone mnunuzi ni mtu wa namna gani, haki yake imekwisha kuanguka.