Mswaki wa Mti Unafaa, Lakini Ni Lazima Ufundishwe Kuutumia

Ukipita sokoni Garissa asubuhi utawakuta wachuuzi wamepanga mafungu ya vijiti vibichi vya kusugulia meno. Waswahili huuita mti wake mswaki, Wasomali huuita caday, na wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Ni mti unaostahimili ukame, nao huota katika nchi kavu ambako miti mingi hushindwa. Hata kile cha plastiki kinachouzwa dukani kilichukua jina lake kwa mti huu, ingawa siku hizi ukimwambia mtoto wa mjini "lete mswaki" atakuletea cha plastiki.

Wagonjwa, hasa vijana waliotoka shule za bweni, huniuliza: "Daktari, kijiti hiki kinatosha, au ni mambo ya wazee tu?" Jibu langu ni kwamba kinaweza kusafisha meno sawasawa na cha dukani, lakini kwa sharti moja: anayekitumia awe amefundishwa namna.

Sharti hilo halikutoka kichwani mwangu. Mwaka 1978 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Ethiopia, na mwaka 1992 mwingine kwa watoto wa shule wa Tanzania. Yote miwili ilionyesha kwamba kijiti huondoa ukoga kama mswaki wa plastiki. Ukoga ni ule utando laini unaojishika kwenye meno, makao ya vijidudu. Mwaka 2003 wanaume 15 nchini Saudi Arabia walitumia vyote viwili kwa zamu. Baada ya kufunzwa vyema, kijiti ndicho kilichowaacha na ukoga mchache zaidi na fizi zenye nafuu. Zingatia maneno hayo, "baada ya kufunzwa".

Kijiti hufanya kazi kwa njia mbili. Nyuzi zake husugua, na maji yake yana dawa. Ule ukali unaowasha ulimi unapotafuna kijiti kibichi una sababu yake. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walionyesha kwamba kemikali iitwayo bensili aisothiosayaneti, iliyomo katika mti huu, huua baadhi ya vijidudu vinavyoharibu fizi. Kijiti kilichokauka siku nyingi hupoteza ukali huo, basi usikubali kuuziwa kuni.

Sasa tuje kwenye matumizi. Chagua kijiti kibichi chenye unene wa penseli. Kioshe, menya ganda kiasi cha sentimita moja, kisha tafuna ncha hiyo polepole mpaka nyuzi zilainike. Usisugue kama anayekata mti kwa msumeno! Anzia kwenye ufizi ukielekea ncha ya jino, kwa wepesi. Wengi husugua meno ya mbele tu, yale yanayoonekana mtu akicheka, na kuyaacha magego na upande wa ndani wa meno ya chini. Huko ndiko ukoga hugeuka mgumu kama jiwe na fizi zikaanza kutoa damu. Ili ufike huko, ipinde ile ncha kwa meno ikae kama brashi iliyolala, kisha uipitishe nyuma ya meno. Kila siku kata nyuzi za jana utafune mpya. Kijiti kisizunguke mdomo hadi mdomo, wala kisikae mfukoni pamoja na noti na funguo.

Watu wanaosugua kwa nguvu miaka mingi huona fizi zao zikirudi nyuma na mizizi ya meno kuwa wazi. Watafiti waliliandika jambo hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hivyo damu na maumivu si dalili kwamba umesafisha vizuri.

Kuna upungufu mmoja ambao kijiti hakiwezi kuuziba. Floridi yake ni kidogo mno, na floridi ndiyo inayoyakinga meno yasitobolewe na asidi. Mimi hushauri hivi: tumia kijiti mchana, hata ukiwa umefunga Ramadhani kama desturi ya wengi ilivyo, lakini kabla ya kulala tumia dawa ya meno yenye floridi, kisha uteme bila kusukutua kwa maji mengi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi, ulikuta fizi zinazotoa damu kwa takriban watu wazima 98 katika kila 100. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na jino lililooza. Kwetu huku ninawalaumu sana chai na miraa. Miraa hukausha mate, na mate ndiyo yanayoyaosha meno. Kisha mtafunaji hukaa mchana kutwa akishushia chai tamu na soda, na meno hayapati hata saa moja ya kupumzika. Kama huwezi kuiacha, basi angalau kinywaji cha kushushia kiwe maji matupu.

Si kila kitu cha asili kina faida. Mkaa na majivu hukwaruza jino mpaka gamba lake la nje likaisha. Karafuu iliyosagwa hutuliza maumivu kweli, kwani ina dawa ya ganzi, lakini haizibi tundu, na mafuta yake yasiyochanganywa huunguza fizi.

Lililo baya kuliko yote hutendewa watoto wachanga. Mtoto akiharisha au kupata homa, wapo wanaoona uvimbe mweupe kwenye ufizi mahali pa chonge, wakasema ni ilko dacowo, yaani meno ya mbweha, kisha wakauchimbua kwa sindano au msumari. Mama, baba, uvimbe ule ni jino la kawaida linalokua! Kuuchimbua huleta damu nyingi, pepopunda na maambukizi yanayoweza kuua. Anayepona mara nyingi huota meno ya ukubwani yaliyopotoka, au asiyaote kabisa. Mwaka 2000 madaktari wa meno wa Sheffield, Uingereza, waliandika kuhusu madhara hayo kwa watoto wa Kisomali waliokuwa wakiishi kule. Mtoto anayeharisha anahitaji maziwa ya mama, maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS) na vidonge vya zinki, na apelekwe zahanati. Nyanya ambaye familia nzima humsikiliza ndiye wa kuelezwa haya kwanza, maana mara nyingi uamuzi hutoka kwake.

Jino likiuma zaidi ya siku mbili, usingoje. Na ukiona shavu au chini ya taya pamevimba, ukashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, weka kijiti na karafuu kando uende hospitali usiku huohuo, kwani usaha ukishuka shingoni huziba njia ya hewa kwa muda wa saa chache tu.