SOMO LA AFYA: Jinsi Mgonjwa Anavyoweza Kushiriki katika Matibabu Yake kwa Simu na Intaneti

Lengo la somo: Mkazi aweze kutumia simu kujiandaa kwa kliniki, kuthibitisha anachoambiwa na kulinda siri zake.

Mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu anayetoka Maua kwenda mjini Meru, au Ishiara kwenda mjini Embu, hutumia nauli na karibu siku nzima ili amwone daktari kwa dakika chache. Asipojiandaa, hurudi nyumbani na maswali yale yale. Hapo wengi huyapeleka kwenye intaneti, na baadhi huacha dawa kwa sababu ya video waliyotumiwa. Shinikizo la damu linaweza kupanda bila dalili yoyote, na dalili ya kwanza ikawa kiharusi.

Funzo la "Mambo?"

Kuanzia 2007, watu 538 waliokuwa wakianza dawa za VVU katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe mfupi kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yalichapishwa 2010: asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe waliripoti kutumia dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wengine.

Ujumbe huo haukuhitaji simu ya bei ghali. Kilichosaidia ni mgonjwa kusema ukweli, na mhudumu kuwepo upande wa pili kumsikiliza.

Kabla ya kwenda kliniki

- Apige picha kadi yake ya kliniki na pakiti za dawa zote anazotumia.
- Aandike kwenye simu vipimo alivyopimwa, pamoja na tarehe.
- Aandike maswali matatu, lile linalomsumbua zaidi likiwa la kwanza.
- Ataje pia mitishamba na miraa. Miraa huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwa hivyo daktari anahitaji kujua. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kupima habari za mtandaoni

Mkazi ajiulize: Nani ameandika? Je, ana kitu anachouza? Je, anawaambia watu waache dawa? Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, asiache dawa kabla ya kuzungumza na mhudumu wake. Habari aliyosoma anaweza kwenda nayo kliniki na kuuliza, "Daktari, hili ni kweli?" Hakuna kosa katika kuuliza hivyo.

Tovuti ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) humwezesha mwananchi kuangalia kama daktari au kituo kina leseni. Dawa ikimdhuru au akiitilia shaka, anaweza kuripoti kupitia tovuti ya Bodi ya Famasia na Sumu, na pia amweleze mhudumu wake.

Bima na siri

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF. Mkazi anaweza kujisajili kwenye tovuti ya Afya Yangu, au kwa *147# kama hana intaneti. Ni vyema athibitishe hali ya bima yake kabla ya kuugua. Asimpe mtu asiyemjua namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Mgonjwa ana haki ya kuomba kuona rekodi zake na kusahihishiwa makosa. Matokeo ya vipimo hayafai kutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, hata kwa nia njema.

Asiye na simu ya intaneti

Mtoto au mjukuu anaweza kumsaidia mzee, bora mzee aridhie na siri yake itunzwe. Pia anaweza kumwuliza mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake.

Wakati wa kuweka simu chini

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukiishiwa nguvu ghafla, kifua kikibana, au mama mjamzito akitokwa na damu, familia isipoteze muda kutafuta majibu mtandaoni. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja.

Maswali ya kujadili katika chama au baraza

1. Ni ushauri gani wa afya uliosambaa kijijini hivi karibuni? Nani aliuthibitisha?
2. Mgonjwa wa kisukari ana dakika tano na daktari. Aulize nini kwanza?
3. Nani nyumbani anajua dawa ambazo wazee wanatumia?