Mkojo Unaopanda Figoni: Kwa Wazazi na Walezi wa Ipyana, Kyela

Mtoto akichemka hapa Ipyana, cha kwanza kushukiwa ni malaria. Mpimeni hiyo kwanza. Kipimo kikionyesha hana, ombeni mkojo upimwe kabla hamjaondoka. Kichanga mwenye UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, hawezi kusema kwamba anaumia akikojoa. Hukataa ziwa, hutapika, hulia tu.

Wapo watoto ambao UTI huwarudia kwa sababu mkojo hupanda tena kutoka kwenye kibofu kuelekea figo. Hali hii ina madaraja 5. Ya chini mara nyingi huisha yenyewe mtoto akikua. Ya juu yanaweza kuendana na makovu ya figo. Huthibitishwa kwa eksirei ya kibofu kilichojazwa dawa maalumu, hivyo mjiandae kwa rufaa ya Mbeya.

Je, mtoto huyo anywe Septrin kidogo kila siku ili UTI isirudi? Hapa madaktari wenyewe hawajakubaliana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia watoto 607 kwa miaka 2. Kati ya 302 waliokunywa Septrin, 39 waliugua tena. Kati ya 305 waliopewa dawa bandia, 72. Nafuu ipo, tena si ndogo. Lakini makovu ya figo, ambayo ndiyo tunayoyaogopa hasa, hayakupungua, na vijidudu vya waliougua wakiwa kwenye dawa vilikuwa sugu zaidi. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2023, kwa wachanga wenye madaraja ya 3 hadi 5, ulikuta hali kama hiyo. Nchini kwetu, ambako vijidudu vingi vya UTI tayari vinaishinda Septrin, tahadhari inazidi.

Kwa hiyo daktari akisema "tusubiri huku tukimwangalia", hajamtelekeza mtoto. Akiandika dawa, mwulizeni: yuko daraja gani? Figo zina kovu? Ataacha lini? Msianze wenyewe kwa chupa ya duka la dawa.

Choo kigumu huchangia UTI kurudi, na jambo hili husahaulika mno: mpeni maji, papai, mboga za majani. Asibane mkojo shuleni. Anayeoga ziwani au mtoni akikojoa damu, apimwe pia kichocho.

Aliyewahi kupata UTI akipata homa, mleteni siku hiyohiyo. Mkojo uchukuliwe kwenye chombo safi kabla ya dozi ya kwanza; antibiotiki ikitangulia, majibu yanaweza kupotosha.