Vitabu vyangu vya mwaka, na namna ya kuviandikia bila kufanya mtihani

Desemba ikishafika katikati, hakosi mtu wa kunitumia ujumbe: nitajie vitabu vitatu vizuri ulivyosoma mwaka huu. Zamani nilikuwa najibu papo hapo, na nilikuwa najibu uongo. Sikukusudia kudanganya. Nilitaja tu vile vitabu ambavyo mtu anayejiita msomaji hutarajiwa awe amevipenda, na vile vilivyonikesha kweli nikavisahau. Siku hizi nafungua daftari kwanza. Makala haya ni ya anayetaka kuwa na daftari la namna hiyo, na ya anayetaka kuandika maoni yake kuhusu kitabu, mwenzake akayasoma na kujua kama akitafute au aokoe pesa yake.

Kabla ya kufika kwenye daftari, tuondoe kizuizi kimoja. Wengi wetu tulifundishwa kuhakiki kitabu kwa ajili ya mtihani. Aliyepita kidato cha tatu na cha nne Tanzania anaijua njia: fani upande huu, maudhui upande ule. Dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Halafu muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Takadini, Joka la Mdimu na Watoto wa Mama N'tilie tulivijua kwa mpangilio huo, na wengine tulivijua kupitia kitabu cha mwongozo kabla hatujaifungua riwaya yenyewe. Kenya nako, vizazi vya wanafunzi vimekutana na Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kwa sababu kilitahiniwa. Sisemi njia ile ni mbaya. Mwalimu mwenye wanafunzi sabini na dakika arobaini afanyeje? Ila imetuachia ugonjwa: mtu mzima akiulizwa kitabu kilikuwaje, anajibu kwamba mwandishi ameonyesha dhamira ya ukombozi. Hapo aliyeuliza hajaambiwa kitu.

Mimi Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, nilikijibia swali shuleni na kupata alama nzuri. Niliandika kuhusu utawala mbaya na haki, nikataja tamathali nne. Nimekirudia mwaka huu nikiwa na mvi, ndipo nikaona kitu ambacho hakuna aliyenituma nikitafute: Karama, anayeshitakiwa mbele ya mfalme, karibu muda wote hajizungumzii yeye. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao, wakarudi na manufaa, wakalipwa adhabu. Mtu ambaye shingo yake ndiyo iko hatarini anatumia nafasi yake kuwatetea waliokwisha kuadhibiwa. Nilifunga kitabu nikakaa kimya. Kile kimya ndicho cha kuandikia, na mwongozo hauna kichwa cha habari chake.

Daftari

Nunua kaunta buku ya kawaida. Simu nayo inafaa, lakini simu ina kelele zake, na ikiibwa inakwenda na mwaka mzima wa kusoma. Kila kitabu kipe ukurasa wake. Juu andika jina la kitabu, mwandishi, mwaka wa toleo ulilonalo mkononi na, kama ni tafsiri, jina la mfasiri. Watu husahau wafasiri kama wanavyosahau wapishi wa shughuli. Shujaa Okonkwo tuliyoizoea ni Kiswahili cha Clement Ndulute, aliyekifasiri kitabu cha Chinua Achebe mwaka 1973. Ukiisifu lugha yake ukamtaja Achebe peke yake, sifa imekwenda kwa asiyehusika.

Chini ya hapo andika siku uliyoanza, siku uliyomaliza, na ulikipataje: umenunua kwa shilingi ngapi, umeazima kwa nani. Inaonekana kazi ya karani, lakini ukisoma mstari huo baada ya miaka mitatu utakumbuka hata mvua iliyokuwa inanyesha. Kisha acha nafasi ya vituo. Kituo ni pale uliposimama mwenyewe: ulipocheka kwenye daladala watu wakakugeukia, uliporudia sentensi, ulipotaka kukitupa kitabu ukutani. Andika namba ya ukurasa na maneno matano tu ya kukukumbusha. Mimi hutumia penseli pembezoni mwa kitabu kama ni changu; cha maktaba au cha kuazima sikiandiki, natumia vipande vya tiketi.

Sharti langu moja ambalo silivunji: maoni yaandikwe ndani ya siku mbili, na kabla ya kufungua kitabu kingine. Ukichelewa, kitabu kipya kinakifunika cha zamani. Na ulichokiacha njiani nacho kiandike, pamoja na ukurasa ulioishia. Orodha ya vitabu vilivyonishinda imenifundisha kuhusu usomaji wangu kuliko ile ya nilivyovimaliza. Nagona cha Kezilahabi, kitabu chembamba cha mwaka 1990, nimekisoma mara mbili na kwenye daftari nimeandika sentensi moja: sijakielewa, nitarudi. Hayo nayo ni maoni, na ni ya kweli. Anayejifanya ameelewa Nagona kwa kupita mara moja, mimi humtilia shaka.

Kuyaandika maoni

Anzia kwenye kituo kimoja, usianzie kwenye wasifu wa mwandishi. Kwamba Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, msomaji wako ameshasikia redioni. Ambacho hajasikia ni kilichokupata wewe. Haya hapa maoni yangu kuhusu Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, kama yalivyo kwenye daftari:

"Yusuf ana miaka 12. Mgeni tajiri wa baba yake, ambaye kila akija humpa senti, siku moja anaondoka naye kwa gari la moshi. Mtoto anadhani anapelekwa kutembea kwa jamaa. Ni Khalil, kijana wa dukani, anayemfumbua macho: yule si jamaa yako hata chembe, wewe ni rehani ya deni la baba yako. Nimesimama hapo. Sisi humwita mjomba kondakta, mjomba muuza mitumba, mjomba hata tapeli anayetupangia njama. Sikuwahi kufikiri kwamba neno la undugu linaweza kuwa kamba. Kwa Kiingereza maneno yetu yalikuwa yanachungulia katikati ya lugha ya watu. Humu yamerudi kwao, na kuna mahali unasahau kabisa kwamba unasoma tafsiri. Msafara wa bara umenichosha kidogo, nilitaka kurudi kwenye ile bustani ya tajiri yenye ukuta. Kinamfaa anayependa hadithi inayokwenda taratibu. Anayetaka vita na mabunduki kuanzia ukurasa wa kwanza, asubiri."

Maneno mia na ishirini hivi, na yanatosha. Angalia kilichomo: tukio moja kwa ukaribu, neno kuhusu lugha, lawama moja pamoja na sababu yake, na ushauri nani akisome. Kilichoachwa nacho kina maana yake. Sijasema Yusuf anaishia wapi. Kipimo changu ni theluthi: lolote linalotokea baada ya theluthi ya kwanza ya kitabu ni mali ya msomaji ajaye. Kwa riwaya za upelelezi kaza zaidi. Ukimsimulia mwenzako Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla hadi mahali Bwana Msa anapofumbua fumbo, umemnyang'anya kitabu chenyewe.

Lawama iwe na ushahidi. "Hakikunivutia" ni neno la mtu aliyeshiba. Kuli cha Adam Shafi, cha mwaka 1979, nakipenda mno. Namna Rashidi anavyomfuata baba yake bandarini Zanzibar, na namna mgomo wa mwaka 1948 unavyokomaa kidogo kidogo miongoni mwa wachukuzi, sijaona riwaya nyingi zinazoiandika kazi ya mikono kwa jasho kiasi kile. Lakini mabwana wa bandarini humo hawana hata siku moja ya ubinadamu. Wameumbwa wabaya, wanabaki wabaya, na mimi huwaamini zaidi madhalimu wanaowabembeleza watoto wao jioni. Baadaye, katika Vuta n'kuvute cha mwaka 1999, mwandishi huyohuyo anamchora Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, na rafiki yake Mwajuma, watu wenye kona nyingi kiasi kwamba hujui utakutana na kona ipi ukigeuza ukurasa. Kulinganisha kazi mbili za mtu mmoja ni njia rahisi ya kukosoa bila kutukana.

Kuhusu kitabu cha rafiki, nina kisa. Mwenzangu mmoja alichapisha diwani kwa pesa yake. Nikasoma mashairi manne, nikaandika sifa za ukurasa mzima, nikazisambaza. Wiki mbili baadaye kijana nisiyemjua vizuri akanisimamisha kituoni. "Kaka, shikamoo. Kile kitabu ulikisoma?" Nikasema ndiyo. Akanitazama tu. Alikuwa amekinunua kwa sababu yangu, na pesa ile ilikuwa ya nauli yake ya wiki. Tangu siku hiyo, kitabu cha mtu ninayemjua nakinunua kwa bei kamili, nampongeza uso kwa uso, na nikiandika maoni natangaza mapema kwamba huyu ni mwenzangu. Kama sikukipenda, nanyamaza hadharani na kumwambia yeye chemba.

Kuchagua vya mwaka

Kwanza tukubaliane: kitabu cha mwaka ni ulichokisoma mwaka huo, hata kama kilichapwa babu yako akiwa kijana. Wenzetu wenye maduka yaliyojaa vitabu vipya kila wiki wana anasa ya kuhesabu vya mwaka mmoja tu. Kwetu riwaya ya Kiswahili inaweza kuadimika miaka kumi, kisha ukaikuta Posta kwenye turubai la muuza vitabu vya mtumba, katikati ya kamusi na vitabu vya uhasibu.

Mwishoni mwa mwaka fanya hivi. Daftari liweke mbali. Chukua karatasi, andika majina ya vitabu unavyovikumbuka bila kuchungulia, na mbele ya kila kimoja andika kitu kimoja kilichobaki kichwani: sura, neno, chumba, hata harufu. Kisha ndipo ufungue daftari ulinganishe. Utakuta kitabu ulichokisifu mwezi wa tatu kwa herufi kubwa hakimo kwenye karatasi, na kile ulichokipa mistari miwili ya kinyongo kimeng'ang'ania. Hicho cha pili kirudie walau sura moja kabla hujaamua. Mimi mwaka huu Peponi imebaki, Kusadikika imebaki, na kilichonishangaza ni Siku Njema cha Walibora, cha mwaka 1996, nilichokuwa nakiona cha watoto wa shule. Kijana anatoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya, basi. Lakini safari ile sijaitoa kichwani. Vitatu tu. Hakuna sheria inayotaka viwe kumi. Ukivinyoosha vifike kumi, saba vitakuwa vya kujaza.

Vitabu vyenyewe vitapatikana wapi? Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa iko barabara ya Bibi Titi Mohamed, na ada ya uanachama ni ndogo ukiilinganisha na bei ya riwaya mbili mpya. Nairobi kuna McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Wilayani ulizia maktaba ya mkoa, na usidharau rafu ya mwalimu mstaafu wa jirani yako. Hodi na shikamoo vimenifungulia makabati mengi. Zile nakala za kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa zinazozunguka kwenye makundi ya simu, mimi sizipokei. Mwandishi wa Kiswahili hapati hata senti kwenye hizo, na nusu yake kurasa zimekatwa pembeni.

Ukurasa wa mwisho wa kaunta buku uache kwa ajili ya walioazima. Jina, kitabu, tarehe. Wangu unasomeka hivi: Utengano, dada wa ghorofani, Februari, imerudi. Kisima cha Giningi, fundi cherehani, Mei, imerudi, ina mafuta. Kuli, shemeji, Juni. Kuli, shemeji, nimemkumbusha Agosti. Kuli, shemeji, anasema alinirudishia.