Cheo ni Amana, Si Zawadi ya Jamaa



Somo letu la mara hii ni juu ya maradhi yaliyoenea katika maofisi, mashule, mahoteli na maduka, na pengine hata katika kamati za misikiti yetu: nayo ni kupandishana vyeo kwa udugu na kujuana. Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwa kuwa wengi hulifanya wakidhani kuwa wanafanya wema.

Tupige mfano. Karani amefanya kazi miaka 12 katika ofisi moja. Hesabu zake ni safi, hachelewi, na kila karani mgeni yeye ndiye amfundishaye. Inapotokea nafasi ya mkubwa wa makarani, anapewa kijana aliyeingia mwaka jana, kwa sababu ni mtoto wa dada yake mwenye ofisi. Yule karani wa zamani haelezwi hata neno. Kesho yake huyo huyo ndiye anayeamrishwa amfundishe kijana kazi ya kumtawala yeye.

Ukimuuliza mwenye ofisi, hatakwambia kuwa amedhulumu. Atakwambia: "Nimeunga udugu, na damu ni nzito kuliko maji." Hapa ndipo penye shina la maradhi. Mwizi hujua kuwa ameiba, lakini huyu amechukua haki ya mtu, kisha anangojea thawabu!

Basi na tuzitazame hoja zake moja moja.

Hoja ya kwanza ni hiyo ya kuunga udugu. Ni kweli kuwa dini yetu imesisitiza sana jambo hili, na mwenye kuukata udugu ameonywa onyo kali. Lakini udugu huungwa kwa mali yako, kwa nguo yako, kwa chakula chako, kwa kumtembelea mgonjwa na kumsomesha yatima wa ukoo. Haukuungwa kamwe kwa mali ya mwenzio. Cheo cha ofisini si chako. Umewekwa ukilinde kwa niaba ya wenyewe, nao ni raia ikiwa ni kazi ya serikali, au mwenye mali ikiwa ni kazi ya mtu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, ameamrisha amana zirudishwe kwa wanaozistahiki. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 wa Hijra, alikifungua kitabu chake cha As-Siyasa Ash-Shar'iyya kwa aya hiyo. Humo ameeleza kuwa mwenye kumwacha anayestahiki zaidi akampa kazi mwingine kwa ajili ya udugu, au urafiki, au kuwa wa mji mmoja, au kwa rushwa, basi huyo amefanya khiyana. Tazameni vipi ameuweka udugu na rushwa katika safu moja.

Hoja ya pili husemwa na wale waliosoma kidogo: "Mbona Nabii Musa alimwomba Mungu amfanye nduguye Harun kuwa waziri wake?" Hoja hii inawageukia wenyewe. Kwanza, Musa hakumpa nduguye cheo. Alimwomba Mwenye cheo. Pili, hakusema "nipe huyu kwa kuwa ni ndugu yangu" akanyamaza. Alitaja sifa inayohitajiwa na kazi, nayo ni kuwa Harun ana ufasaha kuliko yeye. Basi ndugu anayestahiki hakuharimishwa kazi. Kumnyima mtu haki yake kwa kuwa ni jamaa ya mkubwa pia ni dhulma. Lililoharamishwa ni kuufanya udugu wenyewe kuwa ndio sifa.

Na Qur'ani imekwisha kutupa mizani. Yule binti wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa, alitaja mambo mawili: nguvu na uaminifu. Nabii Yusuf naye alipoomba kusimamia hazina za Misri alitaja mawili: kuhifadhi na kujua. Hakuna mahali hapo palipotajwa ukoo. Mtume (S.A.W.) alimpenda Abu Dharr, na juu ya mapenzi hayo, alipoomba uongozi alimwambia kuwa yeye ni dhaifu na kuwa jambo hilo ni amana. Sayyidna Umar naye, alipokuwa katika kufa mwaka 23 wa Hijra, aliwaweka watu sita wamchague Khalifa. Mwanawe Abdallah alimruhusu kuhudhuria shauri, lakini akamfungia mlango wa kupewa ukhalifa.

Hoja ya tatu ndiyo tunayoisikia zaidi hapa kwetu. Husemwa: "Watu wa Pwani tumeachwa nyuma miaka mingi, wengine hupeana kazi kwa makabila yao. Sasa kalamu imetufikia, tusipopeana wenyewe kwa wenyewe tutakuwa wajinga." Malalamiko ya kuachwa nyuma hatuyapuuzi. Lakini tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, na tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021, maneno juu ya ajira yamezidi katika kila baraza. Basi tujiulize: tulipokuwa tukilia, tulilia kwa sababu gani? Ikiwa tulilia kwa kuwa dhulma ni mbaya, basi ni mbaya vile vile itokapo mikononi mwetu. Na ikiwa tulilia kwa kuwa dhulma ile haikutufaa sisi, basi hatukuwa watetezi wa haki. Tulikuwa tukingojea zamu yetu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusimamie uadilifu japokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa.

Tena anayepotea si "mgeni" peke yake. Leo atapewa Mwamu akaachwa wa Mpeketoni. Kesho atapewa wa mtaa huu akaachwa wa mtaa ule. Keshokutwa nyumba hii ikaachwa kwa nyumba ile. Mtu wa Faza, wa Siyu au wa Kizingitini asiye na mjomba ofisini atakwenda wapi?

Wenyeji wa bahari wanalijua jambo hili. Mashua inayopita Mkanda maji yakiwa yanakupwa, hakuna nahodha ampaye usukani mpwa wake asiyeijua njia kwa kuwa ni mpwa wake. Ajabu ni kuwa ofisi ya dawa, ya mashamba au ya fedha za watu huonekana kuwa nyepesi kuliko mashua moja!

Na mji wetu una somo lake la zamani. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija akakaa hapa katika karne ya 19, aliwasomesha watu ambao wenye nasaba hawakupenda wakae nao darsani. Lau mlango ule ungalibaki umefungwa kwa ukoo, Riyadha isingalipata jina ililolipata katika Afrika ya Mashariki.

Dawa ni nini? Mwenye kupandisha vyeo na aitangaze nafasi, aziandike sifa zake kabla ya kuyajua majina, na jamaa yake akiwamo katika waombaji, yeye atoke katika kikao. Jamaa wa mkubwa naye asipokee cheo asichokiweza. Na sisi tulio nje tuache kupiga simu na kutuma salamu za "mtazame kijana wetu". Hiyo ni shafaa, na Qur'ani imesema kuwa mwenye kufanya shafaa mbaya atapata sehemu ya ubaya wake.

Ama aliyedhulumiwa, asiifanye baraza kuwa mahakama. Imam Nawawi ameeleza kuwa mwenye kudhulumiwa anaruhusiwa kumtaja aliyemdhulumu mbele ya mwenye uwezo wa kumwondolea dhulma. Hakumruhusu kumsengenya kila njia. Na njia ipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 232, imeufanya ushindani wa haki na ustahiki kuwa msingi wa kuajiri na kupandisha vyeo katika utumishi wa umma. Na kifungu cha 73 kimekataza maamuzi ya viongozi yaongozwe na udugu au upendeleo. Sheria ya mwaka 2015 juu ya maamuzi ya haki ya kiutawala imempa mtu haki ya kutaka sababu kwa maandishi. Mfanyakazi wa kaunti asiyeridhika anaweza kukata rufani mbele ya Tume ya Utumishi wa Umma. Basi aandike barua kwa adabu, aweke nakala, asitukane na asikate tamaa.

Kila mwenye kushika kalamu ya cheo na ajue kuwa Siku ya Kiyama hatasaidiwa na yule mpwa aliyempa, naye atakabiliwa na yule aliyemnyima. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuzirudisha amana kwa wenyewe, na atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.